Mwanangu, waulize habari za dawa

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Korogwe. Sisi wazima, bibi yako mguu umepungua uvimbe na ameanza tena kujikokota mpaka kwa jirani. Tangu uliponipigia Jumanne usiku usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu, na niliyotaka kukwambia hayakuenea kwenye simu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ulisema yule dada wa darasa lako la yoga la Temeke alilia mwishoni, mlipokuwa mmelala chali mmetulia. Wenzake walipoondoka akabaki, akakushika mikono, akakushukuru: tangu aanze yoga analala, hata vidonge vya akili alivyopewa kliniki ameviacha, huu mwezi wa pili. Ukaniuliza, "Mama, nifurahi au niogope?"

Uogope, mwanangu. Na namshukuru Mungu kwamba uliogopa hata kabla hujaniuliza.

Nikusimulie habari ya mjomba wako, maana humu nyumbani tumeizungukazunguka miaka yote. Wewe unamjua mjomba mpole, anayekuchongea miiko na kukucheka unavyokula embe. Hujawahi kujiuliza kwa nini huvaa mikono mirefu hata Januari jua linapochoma? Alikuwa na miaka 22 alipoanza kujibu sauti ambazo sisi hatukuzisikia. Mtaa mzima ulikuwa na jibu: karogwa, kavuta bangi, kagusa mali ya watu. Bibi yako alihofia angeingia barabarani akagongwa na malori, akamfunga kwenye nguzo ya jiko kwa kamba ya katani. Katani unaijua ilivyo, ikilowa inakaza. Alama ziko kwenye vifundo vya mikono yake mpaka leo, hapo panapovaliwa saa.

Mimi ndio kwanza nilikuwa nimemaliza uuguzi. Nilimfungua nikampeleka kliniki, akaanza sindano ya kila mwezi na vidonge vya kuzuia kutetemeka. Miezi minane baadaye alikuwa analima. Kisha akaja mtu mmoja wa dini, mtu mwema kabisa, akawa anamwombea kila jioni. Na mjomba wako alipata nafuu kweli kwa yale maombi: alilala, akacheka, akarudi kukaa na watu. Kisha yule mtu akasema sindano ni dalili ya imani haba. Familia ikakubali. Nami muuguzi nikanyamaza, kwa sababu nyumba ilikuwa na furaha na sikutaka kuwa mimi wa kuiharibu.

Mwezi wa tatu bila sindano alitoka usiku. Tulimtafuta siku 11. Tulimkuta kando ya barabara karibu na Mombo, nyayo zimepasuka, hanijui.

Kuacha dawa za akili hakuumizi siku ileile. Kunampa mtu wiki nzuri, pengine miezi mizuri, mpaka kila mmoja anaamini zilikuwa hazina kazi. Ndipo mara nyingi ugonjwa unarudi. Na kuna vidonge ambavyo kuvikatisha ghafla kwenyewe huleta kizunguzungu, wasiwasi na kukosa usingizi. Yule dada hajui haya. Anajua tu kwamba pumzi zako zimemsaidia, na hapo hajakosea. Nenda naye kliniki mwenyewe. Usimkaripie wala usimwambie arudie dozi ileile kwa kukisia, daktari atajua pa kuanzia. Kaa naye kwenye benchi la kliniki mpaka aitwe.

Mjomba wako tulimpandisha Lutindi, kule juu milimani Usambara. Pale palianza mwaka 1896, kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, ndipo baadaye pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za kwanza Afrika Mashariki. Nilichokiona kule sijakisahau. Asubuhi watu wanameza dawa zao, kisha wanakwenda kwenye mashamba ya chai, au kusuka, au kutengeneza vitu kwa mikono. Hakuna aliyeambiwa achague kati ya kidonge na kazi. Mjomba wako alirudi kuwa mtu mikono yake ikiwa na shughuli na damu yake ikiwa na dawa, vyote viwili. Huko ndiko alikoanza kupenda kuchonga.

Kwa hiyo usidhani mama yako anaidharau yoga. Ulipoacha kazi ya benki nililia, hilo unalijua, na shangazi yako aliniuliza kama umebadili dini. (Ukiulizwa, sema kweli: yoga imetoka India na ina mizizi katika imani za kule. Kisha eleza unachofundisha wewe. Watu wanasamehe ugeni, hawasamehi kufichwa.) Lakini alipofariki baba yako, ukaja ukatandika mkeka uani saa tisa usiku kwa sababu ulinisikia natembeatembea, pale ndipo niliposadiki. Kabla hatujaanza nilijipima mapigo kwa ile saa yangu ya kubana kifuani: 96. Ukaniambia nivute kwa kuhesabu nne, nitoe kwa kuhesabu sita, nisilazimishe. Baada ya kama dakika kumi nilijipima tena: 78. Miaka 31 ya wodi nimewaambia watu "tulia" bila kuwaambia wanatuliaje. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu, moyo hupunguza mwendo, na mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kichwani hadi kifuani ndio unaobeba ujumbe huo. Mwanangu ndiye aliyenifundisha, mimi muuguzi.

Basi waulize. Kila anayeingia darasani mpe karatasi ajaze peke yake: unatumia dawa gani, umewahi kulazwa, tumwite nani ukizidiwa. Usiwalazimishe kufumba macho. Aliyeumizwa gizani hataki giza. Usimguse mtu kumnyoosha mgongo kabla hajakuruhusu. Na aliyewahi kusikia sauti usimwache kwenye ukimya mrefu wa taamuli, mpe dakika chache, macho wazi, au mtembeze taratibu. Hii si yoga pungufu.

Nimesoma habari za wale bibi wa Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza nao mwaka 2006 huko Mbare, Harare, bibi 14, na mradi wao unaitwa Friendship Bench. Bibi anakaa kwenye benchi na mtu anayesumbuliwa na kile Washona wanachokiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, sawa na sisi tunavyosema "ana mawazo". Wana maswali 14 ya kumpima. Na anayezidi uwezo wa benchi wanampeleka mbele, hawamng'ang'anii. Bibi hao si madaktari na hawajifanyi madaktari. Nakuombea uwe na benchi la namna hiyo: ujue jina na simu ya muuguzi wa kliniki ya Temeke kama unavyojua yangu.

Darasa la Masaki usiliache, hata ukiona wanaolipa hawana shida kubwa. Ndilo linalolisha la Temeke, na wewe pia ule. Tafuta na mtu wa kuongea naye wewe mwenyewe kila mwezi, asiwe mimi, maana kwangu utaficha ili nisihofu.

Na lile la kuwatetea wagonjwa wa akili, endelea nalo kwa nguvu zote. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinamhesabu mkosaji mtu aliyejaribu kujiua. Niliwahi kumfunga bendeji msichana wa miaka 19 huku askari amekaa kwenye kiti miguuni pa kitanda. Hakunijibu neno lolote siku mbili, alikuwa anamwangalia askari. Kenya, Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume na Katiba. Ukisimama mbele ya watu tarehe 21 Juni, siku ya yoga, mmejaa ufukweni mmevaa fulana za rangi moja, wasimulie habari ya yule msichana. Sikuwahi kuisimulia popote, nakupa wewe.

Saa yangu ya wodi nimeifunga kwenye kitambaa cha kanga, nimempa kondakta wa basi la kesho alfajiri. Betri nimeitia mpya. Ukienda na yule dada kliniki, ibane kifuani, na ukitoka huko nipigie, saa yoyote.

Mama yako