Mhariri, hiyo chupa inaongeza kinga ipi?

Mhariri habari za kazi, naomba kanafasi kadogo maana lile tangazo la dawa ya "kuongeza kinga ya ubongo kwa wazee" mlilolitoa limenitibua kweli.

Mama yangu ana Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, huu mwaka wa nne. Ilianza na chumvi, anaitafuta jikoni nusu saa kumbe kaitia kwenye gunia la mkaa, siku hizi ananiita jina la marehemu mjomba na mimi naitika tu. Na msidhani naongea hewani, chupa kama hiyo nilinunua, kanywa miezi miwili, faida niliyopata ni kufua mashuka kila asubuhi maana alikuwa anaharisha.

Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu anayesoma udaktari. Kumbe ubongo una seli zake za kinga, zinaitwa maikroglia, Mhispania Pío del Río Hortega alizieleza tangu 1919 huko. Kazi yao kufagia, zinakula seli zilizokufa pamoja na yale mabonge ya protini, amiloidi, yanayojazana kwenye ubongo wa mgonjwa. Tena mwaka 2013 watafiti wa Iceland walichapisha kwamba mtu mwenye hitilafu fulani kwenye jeni ya TREM2, ambayo ndiyo inazisaidia hizo seli kuutambua uchafu na kuuzingira, hatari yake ya kuugua inakuwa karibu mara 3.

Hapo utasema si ndo muuzaji anachosema, tuongeze kinga. Ngoja kwanza. Seli hizohizo zikikaa zimewaka muda mrefu zinamwaga kemikali zinazoleta uvimbe, na kwa panya wa maabara imeonekana zinang'oa hadi sinapsi, yaani pale neva zinapopeana habari, kabla hata mabonge hayajajaa. Ni sawa na mfanyakazi wa ndani anayetoa taka anatoa na masufuria. Ndo maana watafiti wenyewe mpaka leo wanahangaika, wakati gani zichochewe na wakati gani zitulizwe, halafu mtu mwenye spika juu ya Noah pale stendi yeye ameshajua!

Sasa mhariri, akija tena kulipia tangazo mumuulize swali moja tu, anayoiongeza ni ile inayofagia au ile inayobomoa. Akiwajibu vizuri mniambie, nitanunua chupa ya pili.

Msomaji wenu, Tanga