Somoe, hiyo Jumatatu achana nayo

Shoga yangu Somoe,

Mambo vipi na joto la Lindi? Huku Mtwara tunashukuru Mungu, watoto wazima, baba Hemedi yupo, na cherehani yangu inasumbua kama kawaida. Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nikacheka ya pili nikasikitika, eti ule mpango wako wa kupunguza kula umeuachia tena, umekula chipsi mayai siku nne mfululizo na saa hizi unasubiri Jumatatu ifike uanze upya. Hiyo Jumatatu mi naijua bwana, nimeisubiri miaka.

Unakumbuka 2021 nilivyokonda? Kabichi ya kuchemsha asubuhi, kabichi mchana, kabichi jioni, maji ya limao, wali sigusi, nazi ndo kabisaa nikaiona kama sumu. Wiki tatu kilo sita zikatoka nikawa nakatiza Chikongola na lile dera la bluu makusudi watu wanione. Afu ikaja shughuli ya kumcheza mwali wa dada, na mimi ndo nimekabidhiwa sufuria la pilau. Nikaonja chumvi. Nikaonja tena. Mpaka watu wanakuja kupakua mi nimeshashiba, na usiku ule nikajisemea nimeshaharibu basi bora niharibu vizuri, we acha tu, kilo sita zikarudi na wenzao wawili.

Kilichonishtua baadae ni presha, 160 kwa 100, nimeenda kupima kwa ajili ya kichwa tu. Nesi mmoja mtu mzima, wala hakunifokea, akaniuliza swali moja: chai unaweka sukari vijiko vingapi? Nikajibu vinne, kama vile namtajia jina langu. Akasema kaa utulie, nyumbani chukua sukari yako ya siku nzima weka kwenye bakuli uitazame. Nikafanya kweli, chai vikombe vitatu ni vijiko kumi na mbili, na soda moja ya mili 350 ina kama vijiko tisa hivi ndani yake, jumla ishirini na moja. Somoe, lilikuwa bakuli la uji wa mtoto lile, na limejaa! Hao Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima asizidi kumi na mbili kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya sita. Mi nikaita watoto waje waone, Hemedi akachovya kidole akalamba.

Sasa sikuacha sukari siku ile, hapo ndo nilipotofautiana na mimi yule wa kabichi wa 2021. Nilitoka vinne nikaenda vitatu na nusu, nikakaa hapo mwezi mzima mpaka ulimi ukanyamaza, afu vitatu, afu viwili na nusu, hivyo hivyo. Imechukua karibu mwaka kufika kimoja na nikwambie ukweli saa hivi nikienda kwa mama mkwe nikipewa ile chai yake nahisi nakunywa asali. Soda nimeiacha kwenye shughuli tu, na ni moja.

Kingine sikubadilisha chakula, nilibadilisha sufuria. Wali wa nazi napika bado, tena kila Ijumaa, ila zamani kilo ya mchele nilikuwa nakunia nazi mbili, sasa moja, na lile tui zito la kwanza natia mwishoni kidogo lisikike harufu. Mafuta lita moja ilikuwa inaisha siku nne, sasa inafika kumi hata zaidi, kwa sababu samaki nikienda feri asubuhi nakuta changu au kibua mbichi kabisa, wa nini kumkaanga mpaka awe kuni? Nampika na ndimu, nyanya na bilinganya kidogo, basi. Ng'onda, samaki wa kukaushwa na chumvi, ndo siwezi kuiacha we unanijua, ila nailoweka usiku kucha na maji namwaga, maana chumvi ya siku nzima ni kijiko kimoja cha chai tu na humo ndani ukijumlisha kila kitu ng'onda peke yake inaweza ikaimaliza.

Na sahani. Sisi mboga tumezoea ni ya kuchovyea ugali, kamlima ka ugali afu pembeni kisamvu kama kidonda. Mi napakua mboga kwanza, nusu ya sahani, kisamvu au majani ya kunde au matembele, afu mbaazi au choroko, ugali unakuja wa mwisho unakaa palipobaki. Baba Hemedi wiki ya kwanza alilalamika anasema amefanywa mbuzi, nikamwambia ugali upo kwenye sufuria jiongeze, akajiongeza, sikugombana nae. Siku hizi anaulizia kunde mwenyewe.

Halafu kinachonichekesha watu wanatafuta vyakula vya afya vya kwenye makopo madukani bei kama ya kitenge, na huku kwetu mbaazi, njugu mawe, kunde, ufuta vyote vinatoka shambani kwa bibi. Ila usije ukanielewa vibaya kwamba kila cha asili ule mpaka ulale, ming'oko, vile viazi vya porini, nao ni wanga kama wanga mwingine, mi nikikaa na beseni la ming'oko ya kuchemsha sijui kusimama.

Pagumu kwangu ni msimu wa korosho. Malipo yakiingia mji mzima unanuka nyama, kila ukipita unaitwa, mashangazi wanatuma kuku, na ngoma kila wikiendi. Mwaka juzi nilipotea wiki tatu nzima. Tofauti ni kwamba safari hii sikusubiri Jumatatu, nilikula biriani mchana, jioni nikapika mlenda na dona kidogo, biashara ikaisha hapo. Mlo mmoja ni mlo mmoja. Na Ramadhani nafuturu kwa tende mbili na uji wa mtama usio na sukari ya kuzama, maandazi ya kukaanga nakula ila sio sinia.

Vidonge vya presha bado nameza kila siku, mtu asikudanganye kwamba mchicha unatosha, na presha yangu mara ya mwisho ilikuwa 130 kwa 84. Kilo zimepungua tisa kwa miaka mitatu, pole pole mno mpaka majirani hawajashtuka. Lile dera la bluu halinitoshi mpaka leo kwakweli, nimelikata nimeshona foronya mbili, ukija utalalia moja.

We usianze na vyote. Wiki hii hesabu vijiko tu, vitie kwenye bakuli afu nipigie picha nione. Na ukija usisahau mbaazi kavu kilo tatu, za huko kwenu zinaiva haraka, hela ntakurushia kwenye simu. Ngoja niishie hapa mteja kaja kufuata sare za shule na bado sijaweka hata kifungo.

Wako,
Mama Hemedi