Usinunue kabla ya kiangazi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia pamoja na picha za lile shamba. Nimezitazama mara nyingi. Nyasi zinafika magotini, kijito kinang'aa, na wewe umesimama mikono kiunoni kama baba yako. Nimefurahi sana kwamba mnataka kuanzisha boma lenu. Lakini picha hizo umezipiga mvua zikiwa zimekolea, ndiyo maana nakuandikia kabla hujatoa hela.

Mimi na baba yako tulinunua shamba letu la kwanza msimu kama huo. Kisima kilikuwa kimejaa, unainama tu unachota. Miezi mitano baadaye nikishusha ndoo nasikia inagonga tope. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, wewe mgongoni, kwenda kungoja zamu kwenye kisima cha jirani. Aliyetuuzia alisema maji hayajawahi kukauka pale, nasi hatukumuuliza mtu mwingine yeyote.

Basi rudi huko kiangazi, mwezi ambao wenyeji wenyewe wanauogopa, ulale siku nne tano. Chukua ndoo ya lita 20 na saa, upime inajaa kwa muda gani. Kisha pampu iachwe ivute saa kadhaa mfululizo, upime tena. Kama mwanzo ilijaa kwa dakika moja na sasa inachukua dakika sita, umeshajibiwa.

Maji hayo yapeleke maabara. Waombe wapime vijidudu, pamoja na kemikali za nitrati, floridi na aseniki. Nitrati ikizidi miligramu 50 kwa lita ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo, na kuyachemsha hakusaidii. Maji yanapungua, nitrati inabaki. Mjukuu wangu ana miezi minne. Hapo usinipunguzie hata kidogo.

Umeandika kwamba mtakinga mvua. Vizuri, ila tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Tuseme paa lenu ni mita 80 za mraba na mwaka umeleta milimita 600: hizo ni lita 48,000, na ukitoa zinazopotea tuseme 40,000. Watu watatu kwa lita 50 kila mmoja kwa siku wanazimaliza kwa miezi tisa hivi, kabla hamjamwagilia mche wala kunywesha mbuzi. Tena lazima muwe na matangi ya kuzihifadhi. Kwa hiyo omba takwimu za mvua za mwezi kwa mwezi, za miaka mingi. Wastani wa mwaka unaficha miezi mikavu.

Udongo nao uushike kwa mikono yako. Chimba sehemu nne tofauti. Weka udongo kwenye chupa ya kioo hadi theluthi, jaza maji, tikisa kwa nguvu, uiache itulie. Mchanga unatua ndani ya dakika moja hivi, udongo laini baada ya saa kadhaa, udongo wa mfinyanzi unaweza kuelea siku nzima au zaidi. Utaziona tabaka zimepangana ndani ya kioo, na utajua unalima nini. Mashimo uliyochimba yamwagie maji pia. Yakilala mpaka kesho yake, shimo la choo litakusumbua.

Njia ya kuingilia inapita katika ardhi ya nani? Kama ni ya mwingine, haki ya kupita iwe imeandikwa kwenye hati. Ahadi ya jirani inaweza kuondoka na jirani. Pale ofisi ya kaunti uliza kuhusu kujenga, kufuga na kuchimba kisima, kwa maana nchi nyingi maji na madini ya chini si ya mwenye shamba. Halafu endesha gari usiku hadi hospitali ya karibu ukihesabu dakika.

Watafute na waliohama. Waliobaki watakusifia kwao, ni haki yao. Aliyeondoka atakwambia kama ni maji, ni soko kuwa mbali, au ni shule iliyobakiwa na mwalimu mmoja. Sisi hatukumtafuta aliyelima pale kabla yetu, na alikuwa anaishi mwendo wa nusu saa tu.

Hela za miaka ya mwanzo zitatoka wapi? Miti mingi ya matunda haikupi kitu cha maana kabla ya miaka 3 hadi 5. Zungumza na mkeo juu ya hilo, na muende wote wawili. Jua likiwaka, wewe ukiwa kibaruani, yeye ndiye atakayekuwa pale na mtoto, basi neno lake lisikilizwe kwanza.

Kiangazi kikikaribia niandikie siku ya safari. Nataka kuja nanyi, nikakishushie ndoo kisima hicho mwenyewe.

Mama yako