Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo: kwenye kideri tunachohitaji ni ratiba ya chanjo

Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi,

Salamu kutoka Singida. Nakuandikia kuhusu kuku wa kienyeji na ugonjwa wa kideri, wengine huku tunauita mdondo, na nakuomba usome mpaka mwisho maana ninachoomba sio hela nyingi wala mradi mpya.

Kwanza ahsante. Mwezi wa sita 2025 Rais alizindua kampeni ya chanjo ya mifugo pale Bariadi, Simiyu, na kuku wa kienyeji wakawekwa humo wachanjwe bure. Hilo sio jambo dogo kwa sababu miaka yote ikisemwa chanjo watu wanawaza ng'ombe, kuku wa mama wa nyumbani alikuwa hana wa kumsemea, wakati daftari za watoto na hela ya kwenda zahanati usiku zinatoka kwa huyo huyo kuku.

Lakini kuku hachanjwi kama ng'ombe. Hii chanjo ya tone la machoni, I-2, kinga yake inashika kama miezi minne hivi halafu inapungua, lazima irudiwe. Na kundi lenyewe halitulii, leo mmechanja kuku wa kijiji kizima vizuri kabisa, ikifika miezi mitatu wengi wameshauzwa, wengine wameliwa sikukuu, na pale uani kuna vifaranga kibao wametotolewa ambao hawajawahi kupata tone hata moja. Sasa kampeni ikipita mara moja kwa mwaka, tena mwezi wowote ule gari na mafuta yakipatikana, kwenye makaratasi kijiji kimechanjwa ila ugonjwa ukija unakuta kuku hawana kinga.

Na unakuja kwa msimu, hilo kila mfugaji wa huku analijua. Kiangazi kikikolea, kuanzia mwezi wa nane kwenda mpaka mvua zinaanza, ndio watu wanaanza kupigiana simu. Unafungua banda asubuhi unakuta kuku kajikunyata, mabawa yameshuka, kinyesi cha kijani, mwingine anavuta pumzi mdomo wazi huku anakoroma, na yule anayenusurika siku za kwanza unamwona shingo imepinda, mahindi yako mbele yake anadonoa pembeni hayapati. Kundi ambalo halijachanjwa linaweza kwisha lote ndani ya siku chache, au wabaki wawili watatu. Hapo ndio mtu anakimbilia duka la dawa za mifugo anauziwa antibayotiki ya kuweka kwenye maji, hela inaenda na kuku wanaendelea kufa, maana kideri ni kirusi na dawa ya kukitibu hakuna. Pilipili na shubiri nazo tumezisaga sana huku, kirusi hakiondoki. Kinachosaidia ni chanjo kabla, kwa kuku ambaye bado ni mzima, na hata akishachanjwa anahitaji wiki moja mpaka mbili kinga ijengeke. Kwa hiyo timu ikija baada ya sisi kutoa taarifa kwamba kuku wanakufa inakuwa imechelewa, hata wataalamu wakiwa wazuri kiasi gani.

Ndio maana naomba miezi ijulikane. Machi, Julai, Novemba, kila mwaka, bila kusubiri uzinduzi wala mgeni rasmi. Wizara ndio mtasema kila mkoa uanzie mwezi gani kufuatana na mvua zake, ila ikishapangwa isihamishwe, itangazwe msikitini na kanisani na kwenye magurupu ya WhatsApp kama zinavyotangazwa siku za kliniki ya watoto.

Chanjo yenyewe tunayo hapa hapa nchini, TVLA, yaani Wakala wenu wa Maabara ya Veterinari, inaitengeneza Kibaha. Na hii I-2 tangu mwanzo kule Australia ilitafutwa kwa ajili ya vijiji kama vyetu visivyo na friji, inavumilia joto kuliko zile za zamani, ila kuvumilia sio kwamba unaiacha juani kwenye kikapu cha pikipiki kutwa nzima, hapo inakufa na anayechanja hawezi kujua kwa kuitazama. Mchanjaji aliyefundishwa anaifunga na kitambaa kilicholoana, anaiweka kivulini, anaanza alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa. Anamlaza kuku ubavu, tone moja jicho moja, anasubiri apepese ndio anamwachia. Tone ni hilo hilo kwa jogoo na kwa kifaranga cha jana. Kazi hii haihitaji digrii, mama au kijana wa kijijini akifundishwa vizuri anaiweza, na wapo ambao walishafundishwa na miradi mbalimbali huko nyuma halafu miradi ikaisha wakaachwa hivi hivi.

Hapo kwa wachanjaji nataka niseme kitu ambacho labda wenzangu hawatakipenda. Mimi naona bora chanjo ya shilingi mia kwa kuku inayokuja kwa wakati kuliko ya bure inayokuja mwezi usiojulikana. Ikishatangazwa bure, yule mchanjaji wa kijiji aliyekuwa anapata chochote kidogo kwa kila kuku anakosa wateja, watu wanasema tusubiri ya serikali, na ya serikali isipofika kwa wakati hakuna aliyechanja. Kama ni bure basi mchanjaji alipwe na halmashauri, na kama bajeti hairuhusu mtuambie tuchangie, tutachangia. Halafu chupa moja ina dozi nyingi, mia na zaidi, mtu mwenye kuku kumi na tano hawezi kununua peke yake na ikishafunguliwa haiwekwi mpaka msimu ujao, kwa hiyo lazima kitongoji kizima kichanje pamoja, ambapo tunarudi kule kule kwenye ratiba. Tena inatakiwa iwe siku moja au mbili kwa wote, maana kuku wangu na wa jirani wanakula jalala moja.

Suala la pili ni matenga. Kuku wa Singida wanaenda Dar, wanaenda soko la Shekilango na kwingine, na wachuuzi wanazunguka na pikipiki kijiji hadi kijiji na matenga yale yale yenye kinyesi cha jana. Kuku akianza kusinzia mtu anamuuza haraka asipate hasara, na simlaumu huyo mama, nani anataka kufukia hela yake? Ila huyo kuku anapelekwa mnadani anachanganywa na wazima na jioni waliokosa mteja wanarudi vijiji vingine na kirusi. Msituletee askari wa kukamata watu kwa hili, wataficha tu. Wekeni maji, brashi na dawa ya kuua vimelea kwenye kila mnada wa kuku, tenga lioshwe kabla halijaondoka, hata kwa ushuru ule ule tunaolipa getini. Na mabwana mifugo watusaidie kusisitiza kwamba mzoga uchomwe au ufukiwe shimo refu, usitupwe mbwa wakauburuta mtaa mzima, na kuku mgeni akinunuliwa akae peke yake kama wiki mbili ndio achanganywe na wenzake.

Mheshimiwa, afisa mifugo wa kata moja anahudumia vijiji vingi na wakati mwingine pikipiki haina mafuta, hilo tunaliona na hatumlaumu. Chupa zikifika ofisi ya kata wiki ya kwanza ya Julai na wachanjaji wakajulikana kwa majina, kukamata kuku alfajiri tutakamata wenyewe.

Wako,
Mfugaji wa kuku wa kienyeji, Singida