Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuhamia Mafaili ya PO

Ndugu wanachama,

Habari za ada na ukaguzi wa hesabu atazieleza mweka hazina. Mimi nitazungumzia jambo lililoichukua kamati muda mwingi zaidi mwaka huu: mafaili na zana za kutafsiria programu.

Tulizoea kurushiana Excel kwa WhatsApp. Wa Mbagala anahifadhi nakala yake, wa Tegeta yake, mhakiki anapokea zinazopingana. Tena Excel hubeba maneno matupu. Haikuambii kama sentensi ni ya kitufe au ya onyo.

Tumechagua PO, mafaili ya GNU gettext, mfumo huria wa kutafsiria programu. Kila ujumbe una msgid, yaani maneno ya asili, na msgstr, tafsiri yake. Juu yake hukaa maelezo ya mtengenezaji, mahali ulipo kwenye msimbo, na alama ya fuzzy pale tafsiri inapohitaji kuangaliwa upya. Kichwa cha faili la Kiswahili hutangaza nplurals=2, yaani maumbo mawili, la umoja na la wingi, hivyo "Faili %d limefutwa" na "Mafaili %d yamefutwa" hukaa chini ya ujumbe mmoja na programu yenyewe huchagua kwa kuangalia namba inayokaa mahali pa %d.

Wapo waliotetea XLIFF, aina nyingine ya mafaili ya tafsiri, na hoja yao ni nzito. Ni kiwango cha OASIS, shirika la kimataifa la viwango. Toleo la 2.0 lilipitishwa mwaka 2014, na ofisi nyingi za tafsiri za kulipwa hulitaka. Lakini XLIFF ni XML, maandishi yaliyozungushiwa alama za msimbo: futa alama moja kwa bahati mbaya na faili zima linagoma kufunguka. PO hata mwanafunzi huisoma kwa macho. Mteja akitaka XLIFF, Translate Toolkit, zana iliyozaliwa Afrika Kusini, hubadilisha kwenda na kurudi.

Wanaotafsiri programu za Android wawe makini na ng'. Ukiandika "Ng'arisha picha" moja kwa moja kwenye strings.xml, faili la maneno ya programu, bila mkwaju wa nyuma (\) kabla ya kiapostrofi, programu haijengeki. Tusikwepe maneno yetu kwa sababu hiyo, tuweke mkwaju.

Kazi ya pamoja itafanyika kwenye Weblate, programu huria aliyoianzisha Michal Čihař mwaka 2012, ambayo mradi wa LibreOffice, programu huria za ofisi, pia huitumia. Huonya alama kama %d ikisahauliwa, na huhifadhi kila tafsiri kwenye Git, mfumo unaotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, kwa jina la aliyeifanya. Hilo la jina nalithamini sana: kijana anayetafuta kazi ataonyesha jasho lake bila kuomba barua kwa mtu. Umeme ukikatika au bando likiisha, utakuwa umeshusha faili lako, unaendelea na Poedit, programu ya kuhariri PO kwenye kompyuta yako, kisha unapandisha.

Kampuni moja ilijitolea kutupatia bure jukwaa lake la kutafsiria. Tulipouliza tutatokaje na kumbukumbu yetu ya tafsiri, yaani hazina ya sentensi tulizokwisha kutafsiri, siku tukiondoka, hatukupata jibu, nasi tukakataa. Jiji hili ndilo lililotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi ya watu wengi namna ile haistahili kufungiwa kwenye kabati la mtu mwingine.

Bado tuna ujumbe mwingi wenye alama ya fuzzy, hasa kwenye menyu. Naomba kila kundi limalize wake kabla ya kuanza programu mpya. Asiye na akaunti amwone katibu leo. Mafunzo ya Poedit yatakuwa Kijitonyama, Jumamosi ijayo asubuhi. Njoo na kompyuta iliyojaa chaji.