Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Wetu na Kant

Ndugu wanachama, poleni na majukumu. Naleta taarifa ya mwaka kama katiba yetu inavyotaka, naanza na yale mnayoyajua ili tusichoshane. Vikao vilifanyika, mkutano wa katikati ya mwaka ulifanyika, mweka hazina mpya tukampata, sherehe ya kufunga mwaka nayo ilifanyika japo vinywaji havikutosha. Maisha ya Kant, yule mwanafalsafa wa Kijerumani, tuliyapitia yote ya msingi: kuzaliwa Königsberg, mji wa Prussia ya wakati ule, tarehe 22 Aprili 1724, baba fundi wa ngozi anayeshona hatamu za farasi, mama aliyefariki wakati Kant ana miaka 13, kufundisha watoto wa wenye nazo majumbani kwao, kurudi chuoni 1755, uprofesa 1770, halafu ukimya wa miaka kama 10 hivi mpaka 1781 kikatoka kile kitabu kikubwa cha Uhakiki wa Akili Tupu. Mliohudhuria mnayo kwenye madaftari.

Sasa nije kwenye lililotugawa, yani kuendelea na Kant baada ya kikao cha maandishi yake ya 1764, yenye ukurasa unaowadharau watu Weusi. Nimesikia maneno mengi, mara mwenyekiti kaamua peke yake, mara mwenyekiti anamtetea mbaguzi, na kuna wenzetu waliotoka ukumbini siku ile mpaka leo hawajarudi. Naomba nieleze na iingie kwenye kumbukumbu.

Ule ukurasa niliuleta mimi. Niliutafsiri usiku, nikautoa fotokopi kwa hela yangu mfukoni, kila mtu akapata karatasi yake, nikausoma kwa sauti tena polepole. Kant anasimulia habari aliyoipata kwa padri mmoja Mfaransa, kwamba fundi seremala Mweusi alilaumiwa kwa ubabe wake kwa wake zake, akawajibu Wazungu kuwa wajinga ni nyie, mnawapa wake zenu uhuru wote halafu mnalalamika wakiwapanda kichwani. Kant anasema labda kwenye jibu lile kuna kitu cha kufikiria, halafu hapohapo anamalizia kwamba jamaa alikuwa mweusi toka kichwani mpaka miguuni, ushahidi tosha kwamba alichosema ni upumbavu. Ukumbi ulinyamaza. Mama mmoja wa safu ya mbele aliikunja karatasi yake mara nne akaiweka chini ya kiti na hakuigusa tena.

Waliotoka nawaelewa na mimi iliniuma. Ila tungefunga pale tungekuwa tumesoma nusu. Kwenye maandishi yaleyale Kant anarudia dai la Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, kwamba hajaonekana Mweusi hata mmoja aliyefanya jambo kubwa kwenye sanaa au elimu, wakati Anton Wilhelm Amo, mtoto wa Axim kwenye Ghana ya leo, alishatetea tasnifu yake chuo cha Wittenberg, Ujerumani, 1734, miaka 30 kabla, na akafundisha Halle, mji uliokuwa chini ya mfalme huyohuyo wa Prussia aliyemtawala Kant. Hili lilitoka kwenye kikao kilichofuata na waliotoka hawakulisikia. Halafu 1785 huyohuyo Kant anaandika kwamba binadamu yeyote asitumiwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine, na 1795 kwenye maandishi ya amani ya kudumu anawasema waziwazi Wazungu wanaokwenda nchi za watu, kwamba kwao kutembelea nchi ni sawa na kuiteka, wenyeji wanawahesabu si kitu, na visiwa vya miwa anaviita makao ya utumwa wa kikatili kuliko wote. Mimi sijakuta alipoufuta ukurasa wa 1764. Kwa hiyo msimamo wangu ni uleule, ile kanuni yake ya 1785 tuichukue tumpimie yeye mwenyewe kwanza, na kwa kanuni yake Kant wa 1764 ana hatia. Huko si kumtetea. Na kura ilipigwa, wa kuendelea walizidi, wanaosema akidi haikutimia basi wakumbuke haikutimia kwa sababu wao walishatoka.

Mahudhurio. Tulianza mwaka tuko 30 na kitu, tukaishia chini ya 10, na kikao cha insha ya 1784 kuhusu mwangaza wa akili, ambacho nilikiandaa kwa wiki nzima, tulikuwa wachache mno. Inasikitisha kwa sababu insha ni fupi na imeandikwa kwa ajili ya mtu wa kawaida. Kant anasema kinachowafanya watu wazima waendelee kushikwa mkono ni uvivu na woga, mtu anajiambia nina kitabu kinachofikiri kwa niaba yangu, nina mchungaji aliye dhamiri yangu, nina daktari wa kunipangia chakula, sasa nijihangaishe nini. Ndugu zangu, wengi wenu kila mwezi mnaniandikia mwenyekiti tuma muhtasari. Nimetuma, ila muhtasari wangu ni mawazo yangu mimi, chama hiki kilianzishwa kila mtu asome mwenyewe.

Ada nazo haziko vizuri. Imeingia kama laki nne, madeni yanakaribia laki saba, ukumbi na fotokopi vimekula karibu yote, pengo nimeziba mimi na katibu. Kant kabla ya uprofesa kwa sehemu kubwa aliishi kwa ada walizomlipa wanafunzi wake moja kwa moja, wasipokuja hana hela, ndo maana alifundisha masomo chungu nzima mpaka jiografia. Elimu ina gharama na lazima mtu azibebe.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, natamani tumsome Amo kwa kirefu, labda na Hegel kidogo, mwanafalsafa mwingine wa Kijerumani, na tukipata mfadhili tutafute ukumbi wa karibu na stendi. Waliotoka milango iko wazi, nafasi zao hatujampa mtu. Madeni ya nyuma apelekewe mweka hazina kabla ya kikao cha kwanza, na tafadhali asiletewe nusunusu.