Kiswahili kitumike kufundisha "to" na "-ing"

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako niongee na walimu wenzangu wa Kiingereza, hasa wa kidato cha kwanza na cha pili.

Mimi nafundisha tuisheni jioni na karibu kila daftari ninalofungua nakuta orodha ile ile ya vitenzi, "want, decide, hope" upande wa vinavyofuatwa na "to", "enjoy, finish, avoid" upande wa "-ing", mstari katikati basi, maelezo hakuna. Mtoto anakariri weee, akikaa kuandika insha anarudi kule kule, "I enjoy to play", "I finished to wash". Sio uzembe jamani. Kwetu napenda kucheza, nimemaliza kuosha, nimeamua kuondoka, ni "ku" hiyo hiyo moja inabeba zote, sasa mtoto aliyesoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili atajuaje kama Kiingereza kimeigawa?

Aambiwe hilo kwanza. Halafu aonyeshwe kwamba mara nyingi "to" inaangalia mbele, jambo bado halijafanyika, ndo maana "hope", "plan" na "promise" zinaitaka, na "-ing" inashika kitu ambacho kipo au kimeshafanyika, kama kwenye "enjoy" na "finish". Vipo visivyofuata, "suggest" na "avoid" itabidi akariri tu, ila mzigo unakuwa umepungua sana.

Kuna na vile vinavyokubali zote mbili ila maana inabadilika, na hapa ndo Kiswahili kinatubeba kabisa. "He stopped smoking", aliacha kuvuta sigara. "He stopped to smoke", alisimama avute sigara. "I remembered to lock the door", nilikumbuka kufunga mlango, lakini "I remember locking the door", nakumbuka nilifunga. Tofauti hiyo mtoto anayo tangu nyumbani, mwalimu akiisema kwa Kiswahili dakika mbili tu imeisha, lakini kuna shule ukitamka Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza ni adhabu, na mimi hilo silikubali hata kidogo, tunawafungia watoto mlango walioujua.

Na nyie vijana mnaoandika barua za kazi, "I look forward to hear from you" sio sahihi, ni "hearing". Hiyo "to" ni nyingine kabisa, ni ndugu wa ile ya "I am used to waking up early", nayo wanafunzi wetu wengi hawajawahi kuambiwa.

Mwalimu wa tuisheni,
Morogoro